Je, Niandike Barua Pepe Nne kwa Watu Wanne? Jibu kwa Msomaji wa Mtwara

Swali: Shikamoo mtaalamu. Ninaratibu usafirishaji katika kampuni ya kuhifadhi na kusafirisha korosho hapa Mtwara. Msimu ukifunguliwa ninaandika barua pepe kuanzia asubuhi hadi jioni, na kuna watu wanne wanaonichanganya. Meneja wangu, ambaye yuko Dar es Salaam, hujibu "Sawa" au "Bado?" tu, na mara nyingi naona hakusoma hadi mwisho. Mhasibu wetu hunirudishia kila barua ikiwa na maswali matano. Mwenyekiti wa AMCOS moja (chama cha msingi cha ushirika wa wakulima) ya Tandahimba, mtu mzima, alilalamika kwa meneja kwamba ninamwandikia kana kwamba ninamwamrisha. Mwenzangu wa ofisi ya Lindi, mcheshi sana, anasema barua zangu ni kavu mpaka anadhani nimemkasirikia. Hivi karibuni tulipewa semina ya watu wa aina nne, yaani nyekundu, njano, kijani na bluu, tukaambiwa tumwandikie kila mtu kwa rangi yake. Nimejaribu, lakini kazi inanielemea, na nikiwaandikia wote kwa pamoja sijui nifuate rangi ipi. Je, niandike barua nne kwa jambo moja?

Jibu: Marahaba. Usiandike barua nne. Andika moja, lakini ujue ni sehemu zipi za barua hiyo zinazoweza kubadilika kwa kumwangalia msomaji na ni zipi ambazo hazibadiliki kwa ajili ya mtu yeyote. Na kabla ya hapo, acha kuwatafutia rangi watu hawa wanne. Soma majibu yao, kwa sababu kila mmoja ameshakueleza anachokihitaji, ingawa hakutumia maneno hayo.

Nianze na hiyo semina, maana sipendi uitupe yote wala uimeze yote. Mgawanyo wa watu katika makundi manne una historia ndefu, lakini ule unaotumika sana maofisini unatokana na William Moulton Marston, mwanasaikolojia wa Marekani, ambaye mwaka 1928 alieleza njia nne ambazo watu huzitumia kuyakabili mazingira yao: kutawala, kushawishi, kunyenyekea na kutii. Marston mwenyewe hakutunga dodoso la kumpima mfanyakazi. Madodoso yalitungwa na watu wengine baadaye, na rangi zikaja baadaye pia. Njia nyingine mashuhuri, ile inayompa mtu herufi nne, ilitengenezwa na Katharine Briggs na binti yake Isabel Briggs Myers kutokana na mawazo ambayo Carl Jung aliyachapisha mwaka 1921, na si wachache wanaopata herufi tofauti wakirudia dodoso hilo baada ya wiki chache. Watafiti wa haiba wa siku hizi hutegemea zaidi sifa tano zinazopimwa kwa viwango, namna urefu unavyopimwa, bila kumweka mtu ndani ya boksi, na katika vipimo hivyo watu wengi huangukia katikati, wala si kwenye ncha.

Maana yake kwako ni hii. Ukishamwita meneja "mwekundu", yaani mtu wa kutawala, utaanza kuona wekundu tu. Siku atakayoandika aya tatu ndefu kwa sababu jambo limemgusa, utamjibu kwa neno moja ukidhani ndivyo anavyopenda, kumbe siku hiyo alihitaji kusikilizwa. Semina hiyo imekufaa kwa jambo moja, nalo si dogo: imekukumbusha kwamba anayesoma si wewe, na kwamba barua inayokuridhisha wewe inaweza kumchosha mwenzako au kumtia mashaka. Chukua hilo, na jedwali la rangi liache kwenye droo.

Badala ya kuuliza mtu huyu ni wa aina gani, uliza mambo mawili kwa mpangilio huu: kazi yake inamdai nini kutokana na barua hii, kisha, ana mazoea gani ya kusoma na kujibu. Kazi itangulie hulka, kwa sababu mara nyingi tunachokiita hulka ni kazi inayozungumza. Meneja anayeandika "Bado?" akiwa Dar es Salaam katikati ya msimu huenda ana maghala kadhaa yanayomwandikia kwa saa ileile, naye anasoma kwenye simu akiwa kwenye foleni au kati ya kikao na kikao. Mhasibu anayeuliza maswali matano ndiye atakayeweka sahihi, na mkaguzi akija ataulizwa yeye. Ungewabadilishia viti, huenda baada ya mwezi mmoja meneja angekuwa anauliza maswali na mhasibu anajibu "Sawa".

Kwa mhasibu, fanya hivi. Fungua barua kumi za mwisho alizokujibu, uyanakili maswali yake yote kwenye karatasi moja. Sina shaka utaona kwamba hayakuwa maswali hamsini. Ni yaleyale machache yanayorudi kila mara kwa sura mbalimbali: namba ya lori na jina la dereva, idadi ya magunia yaliyopakiwa dhidi ya yaliyopokelewa, uzito wa mzani wa ghala na uzito wa mzani wa bandarini, nani aliidhinisha, na ni fungu gani la bajeti litakalobeba gharama. Hiyo ndiyo fomu yake, hata kama hakuichapisha. Ukiyapanga majibu hayo kwa utaratibu uleule kila mara, namba ikae mahali pake na jina mahali pake, maswali yatapungua bila wewe kuongeza hata sentensi moja ya maelezo. Hapa ndipo wengi wanapoielewa vibaya ile habari ya "mtu wa bluu": hudhani mtu makini anataka barua ndefu. Mtu makini anataka barua anayoweza kuihakiki, na masimulizi marefu humpa kazi ya kuchambua namba kutoka kwenye maneno. Kama una jedwali la Excel, lipe jina linaloeleweka, lenye tarehe na jina la ghala, kwa sababu faili linaloitwa "mpya ya mwisho 2" humfanya mtu wa hesabu ashuke moyo kabla hajalifungua.

Kwa meneja, tazama barua hii. Nimeitunga kwa mfano, lakini nadhani utaitambua:

"Habari za leo Meneja. Natumaini u mzima na unaendelea vizuri na majukumu. Napenda kukujulisha kwamba jana kulikuwa na changamoto kidogo hapa ghalani Tandahimba ambapo malori mawili yalichelewa kupakia kutokana na mvua, na baada ya kufuatilia tuligundua kwamba moja lilikuwa na tatizo la tairi, hivyo mzigo haukuondoka, na mpaka sasa bado yapo hapa, lakini wenye malori wanasema wanataka walipwe siku ya kusubiri, la sivyo wanaondoka. Kwa hiyo naomba mwongozo wako."

Haina tusi wala kosa la sarufi. Lakini kinachotakiwa kwa meneja kimekaa mwishoni kabisa, hakina kiasi, hakina muda, na hakina pendekezo. Anayesoma kwenye simu ataona salamu, mvua na tairi, kisha atajibu "Sawa", akidhani ni taarifa tu. Nawe utasema hakusoma hadi mwisho. Ni kweli hakusoma, lakini barua haikumpa sababu ya kufika huko. Iandike hivi:

"Kichwa cha habari: IDHINI inahitajika leo kabla ya saa 8 mchana – malipo ya kusubiri, malori 2, Tandahimba

Meneja, habari za asubuhi. Naomba idhini ya kulipa siku moja ya kusubiri kwa malori mawili, jumla Sh 400,000. Tusipolipa leo kabla ya saa 8 mchana, wenye malori watayaondoa, na magunia 600 hayatafika bandarini kabla ya Ijumaa, siku ya mwisho ya kupokea mzigo wa meli hii. Ninapendekeza tulipe. Ukijibu 'Lipa' au 'Usilipe' inatosha. Mchanganuo na sababu za kuchelewa viko hapa chini."

Baada ya hapo weka mstari, na chini ya mstari uweke zile namba za mhasibu, kisha aya fupi ya mvua na tairi. Umeona kilichotokea? Barua ni moja. Meneja ameipata sehemu yake katika sentensi za kwanza na jibu lake la neno moja sasa lina maana, kwa sababu swali limetengenezwa lipokee jibu la neno moja. Mhasibu, ambaye amepewa nakala, anashuka chini ya mstari na kukuta alichozoea kukidai. Hakuna aliyeandikiwa kwa rangi, na kila mmoja amehudumiwa.

Kuhusu saa, niongeze neno kwa kuwa biashara yenu inawagusa mawakala wa meli na wanunuzi wa nje. Ndani ya ofisi "saa 8 mchana" haina utata. Lakini barua ya kikazi husafirishwa kutoka mkono hadi mkono, na siku moja itamfikia mtu asiyehesabu saa kama sisi. Katika barua yoyote inayoweza kutoka nje ya kampuni, andika saa 8 mchana, kisha 14:00 pembeni yake.

Sasa nije kwa Mwenyekiti, na hapa nitakaa zaidi, kwa sababu kati ya watu wako wanne yeye ndiye ambaye barua mbaya kwake ina gharama kubwa, na ndiye ambaye jedwali la rangi lingekupotosha kuliko wote. Huenda ulimweka katika "kijani", mtu wa utulivu na mahusiano, ukaambiwa umwandikie kwa upole. Lakini malalamiko yake hayakuhusu upole wala ukali wa hulka yake. Yeye ni mtu mzima kwako, ni kiongozi aliyechaguliwa na wakulima wenzake, na si mwajiriwa wa kampuni yenu. Mambo hayo matatu yangemstahilisha heshima ileile hata angekuwa na hulka ya radi. Barua aliyoilalamikia nadhani ilifanana na hii:

"Tuma idadi ya magunia mtakayoleta ghala kuu wiki hii kabla ya kesho saa 4 asubuhi. Bila hivyo mzigo hautapokelewa."

Ungempelekea meneja wako maneno hayo, angeyaona ni mafupi na safi. Kwa Mwenyekiti ni amri na tishio kutoka kwa kijana, tena bila salamu, naye huenda ameisoma mbele ya karani wa chama aliyemshikia simu. Jambo lenyewe lilikuwa la haki kabisa: ghala lina nafasi yake, na bila ratiba malori yanajazana nje. Basi mpe sababu hiyo, kwa sababu ni sababu inayomhusu pia:

"Shikamoo Mwenyekiti. Poleni na kazi za msimu; tumeona jinsi mzigo wenu wa wiki iliyopita ulivyofika ukiwa umepangwa vizuri. Kama tulivyozungumza kwa simu asubuhi hii, tunaandaa ratiba ya kupokea mzigo ghala kuu ili malori ya vyama yasikae foleni usiku. Tunaomba mtusaidie idadi ya magunia mnayotarajia kuleta wiki hii. Tukiipata kesho kabla ya saa 4 asubuhi, tutaweza kuwapangia siku yenu. Tusipoipata kwa wakati huo, nafasi iliyobaki itakuwa ya wiki ijayo, na nisingependa wakulima wenu wasubiri. Karani anaweza kunitumia kwa ujumbe wa simu. Ahsante sana Mwenyekiti."

Linganisha barua hizi mbili kwa makini. Tarehe ni ileile, saa ni ileile, na matokeo ya kuchelewa yametajwa katika zote mbili. Sikukutaka ufiche kwamba kuchelewa kuna athari. Ungefanya hivyo ungemkosea zaidi, kwa sababu angefika na malori yake akarudishwa. Kilichobadilika ni salamu, sababu, njia ya kumrahisishia, na ile sifa moja ya kweli kuhusu mzigo wa wiki iliyopita. Nimesema ya kweli. Kama mzigo wa wiki iliyopita haukuwa umepangwa vizuri, usiuseme, maana mzee anajua alileta nini.

Umeona pia kwamba barua hiyo inataja mazungumzo ya simu yaliyotangulia. Kwa viongozi wa vyama vya msingi wa mikoa yetu, barua pepe haifai kuwa mlango wa kwanza wa jambo jipya. Piga simu, msalimie, muulize habari za nyumbani na za shamba, msikilize, kisha mwambie, "Nitakuandikia haya tuliyokubaliana ili tuwe nayo sote." Hapo barua inakuwa kumbukumbu ya makubaliano, haiwi tena hati ya amri, na hata ikiwa fupi haitamchoma. Usimtumie viambatisho vinavyohitaji kompyuta kama unajua anasomea kwenye simu. Namba tatu anazozihitaji ziweke ndani ya barua yenyewe.

Jambo jingine kwake ni nakala. Unapomkumbusha Mwenyekiti kwa mara ya kwanza huku ukimpa nakala meneja wako au kiongozi wa chama kikuu cha ushirika, umemshtaki kabla hujamuuliza, naye atalichukua hivyo hata kama wewe ulitaka tu meneja awe na habari. Mkumbushe peke yake kwanza. Ikiwa kweli unahitaji kumhusisha mkubwa, mwambie kabla: "Mwenyekiti, kwa kuwa muda umebana, nitamjulisha meneja ili atusaidie kuongeza nafasi." Watu wa hulka zote huumizwa na nakala ya kushtukiza, na watu wazima huikumbuka kwa muda mrefu.

Kwa mwenzako wa Lindi sitasema mengi. Nashuku kwamba unamwandikia kwa mtindo wa masjala, ule wa "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu" na kumalizia kwa "Naomba kuwasilisha". Mtindo huo una mahali pake: unapoiandikia Bodi ya Korosho, ofisi ya mkuu wa wilaya au mamlaka ya bandari, yaani barua zinazofunguliwa jalada na kupewa kumbukumbu namba, ushike kikamilifu, na usijaribu kuulainisha. Kwa mwenzako mnayefanya kazi pamoja, unamweka mtu mbali. Sentensi moja ya kibinadamu mwanzoni inatosha, "Vipi mvua za huko, barabara inapitika?", kisha ombi lako lije bila kuzunguka. Na kwa kuwa kati ya Mtwara na Lindi ni mwendo wa zaidi kidogo ya kilomita mia moja tu, panga siku moja mkutane ana kwa ana. Barua za mtu uliyemwona akicheka husomeka kwa sauti yake.

Lakini nikuonye kuhusu kumfuata katika utani. Kusini tuna watani wetu, na utani unarahisisha kazi nyingi ghalani na ofisini, ila unategemea uso, sauti na kujuana, na barua haina hata kimoja cha hivyo. Mwaka 2005 Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba waandishi wa barua pepe huamini kuwa msomaji atatambua pale wanapotania na pale wanaposema kwa dhati, kumbe wasomaji hukosea mara nyingi kuliko waandishi wanavyodhani. Na wasomaji nao wana uhakika uliozidi kwamba wameelewa. Sababu waliyoieleza ni rahisi: anayeandika anaisikia sauti yake mwenyewe kichwani, anayesoma haisikii. Ongeza hapo kwamba mwenzako anaweza kuipeleka barua yako mbele kwa meneja ili apate idhini, pamoja na utani wote ulio chini yake. Basi utani uwe wa kwenye simu, na barua iwe na ukarimu bila mzaha.

Nimekuambia kwamba kuna sehemu zinazobadilika na zisizobadilika. Zinazobadilika umeshaziona: salamu na namna ya kumwita mtu, mpangilio wa mambo, kiasi cha maelezo kinachotangulia, na njia unayompa ya kujibu. Zisizobadilika ni kiasi, tarehe, nani anafanya nini, na habari mbaya. Hili la mwisho ndilo linalonifanya niwe mkali dhidi ya mafunzo ya rangi yanapofundishwa vibaya, kwa sababu huishia kuwaambia watu wamweleze "mtu wa mahusiano" habari mbaya kwa kuizungushazungusha. Chukua mfano wa magunia 40 ya chama yaliyokataliwa ghala kuu kwa sababu ya unyevu. Mhasibu umemwandikia "magunia 40 yamekataliwa". Meneja umemwandikia "40 yamerudishwa". Mwenyekiti, ukitaka kumtunza, umemwandikia "kuna changamoto ndogo ya ubora kwa baadhi ya mzigo". Mwenyekiti atawaeleza wakulima kwamba ni jambo dogo, kisha hesabu itakuja ikiwa pungufu kwa magunia 40, nao watamuuliza yamekwenda wapi. Hapo umemwaibisha mbele ya watu waliompa kura, na umefanya hivyo kwa upole. Kwa watu wote watatu sema magunia 40, sema unyevu, sema yanatakiwa kuanikwa upya, sema lini yanaweza kuletwa tena. Kwa Mwenyekiti tangulia na simu, anza kwa salamu na pole, kisha uiseme namba ileile.

Sasa lile swali lako la kuwaandikia wote kwa pamoja. Hapa kuna jambo ambalo hukuliuliza lakini ni kubwa kuliko lile la rangi: watu wako wanne hawapaswi kuwemo wote katika barua moja. Watatu ni wa kampuni, mmoja ni wa nje. Habari ya malipo ya kusubiri, bei mnazokubaliana na wenye malori, au maoni yenu kuhusu utendaji wa chama fulani, havimhusu Mwenyekiti, na kubonyeza "Jibu wote" mara moja kunatosha kuvunja uhusiano wa miaka. Kwa hiyo barua ya pili ipo, nami naikubali, ila haipo kwa sababu ya hulka yake; ipo kwa sababu ya mpaka kati ya kampuni na mteja. Kwa wale watatu wa ndani, barua moja yenye mpangilio niliokuonyesha inatosha: uamuzi unaotakiwa, nani afanye nini na lini, mstari, namba, kisha historia ya jambo. Jina la kila mtu likae kando ya kazi yake. Ukiandika "tunaomba lishughulikiwe", mhasibu atadhani ni meneja, meneja atadhani ni Lindi, na Lindi atakutumia kikaragosi cha kucheka.

Katika mpangilio huo, kaida zetu za salamu zisikutie wasiwasi. Wapo wanaofundisha kwamba barua ya kikazi ianze moja kwa moja bila salamu, nami sioni kwamba hilo linafaa kwa watu wetu. "Meneja, habari za asubuhi" ni maneno manne tu, hayamchukulii muda mtu mwenye haraka, na kutokuwepo kwake huonekana na kila mtu. Kinachochosha ni zile sentensi mbili au tatu za kutumaini, kupenda kujulisha na kuchukua fursa hii, ambazo hazimsalimii mtu wala hazimwambii kitu.

Kuhusu muda, umesema kazi inakuelemea, nami naamini, kwa sababu ulikuwa unatunga upya kila siku. Hifadhi rasimu mbili tu kwenye kompyuta yako: moja ya ndani, yenye kichwa cha habari kinachoanza kwa IDHINI au TAARIFA, mistari ya uamuzi juu na nafasi za namba chini, nyingine ya viongozi wa vyama, yenye salamu, rejea ya mazungumzo ya simu, sababu, ombi na njia rahisi ya kujibu. Ukiwa na hizo, barua itakuchukua dakika chache, na muda uliobaki uutumie kupiga simu Tandahimba.

Na kabla ya minada kuanza, ambayo kwa kawaida huwa ni Oktoba, wajaribu watu wako kwa njia ambayo semina haikuwafundisha: waulize. Mwandikie meneja, "Nimeanza kuweka ombi juu na mchanganuo chini ya mstari. Je, mambo ya dharura unapendelea niyatume kwa barua pepe au kwa WhatsApp kwanza?" Mhasibu mpelekee ile orodha ya maswali uliyoitoa kwenye barua zake, umuulize kuna lipi limesahaulika. Nadhani ataongeza moja au mawili. Yaingize kwenye rasimu siku hiyohiyo, kisha umrudishie aione.